Taa Zinazojiwasha za Bi Malee

Stockholm, 24 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Habari za Ahero? Natumai goti lako limepata nafuu na mvua haijaharibu mpunga. Mimi ni mzima, ukiondoa vidole viwili na jino moja.

Siku ya harusi uliniambia mbele ya shangazi zake wote kwamba mwanao Ochola akiniinulia mkono nisikimbilie kwetu Meru, nije kwako kwanza. Basi nimekuja. Juma lililopita alirudi kutoka zamu ya basi akakuta chai imepoa. Alinishika nywele akanigonga uso kwenye ukingo wa jiko, kisha akavibana vidole vyangu kwenye mlango wa kabati na kuusukuma kwa goti. Nilisikia vikivunjika kabla sijasikia maumivu. Simu yangu aliiponda kwa kisigino, ndiyo maana nakuandikia kwa barua pepe. Nilitoka nyumbani kwetu Husby kwa soksi, kwenye theluji.

Niko kwa Bi Malee, ajuza wa Kithai ninayemtunza kazini. Ofisi haijui kwamba ninalala kwake. Sebuleni ana madhabahu ya Buddha, na majira ya baridi yaliyopita mshumaa wake uliunguza pazia, kwa hiyo binti yake Felicia akamnunulia taa mbili za umeme zisizo na moto. Zina ulimi wa plastiki unaochezacheza, na giza likiingia zinajiwasha zenyewe. Bi Malee anazidharau. Anasema taa iliyowaka pasipo mtu ni kama sadaka iliyodondoka mfukoni. Ndiyo maana zikikaribia kuwaka lazima tukae mbele ya taa hizo, ili pawe na mtu wa kuitoa sadaka. Mimi Mmethodisti nakaa kando, mikono mapajani. Sipigi magoti, usiogope.

Nifanye nini, Mama?

Binti yako,
Jerioth

---

Ahero, 28 Novemba 2024

Binti yangu Jerioth,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Goti linasumbua lakini natembea. Mpunga uko salama.

Barua yako nimeisoma nikalia, miwani ikajaa maji. Nayajua hayo. Baba yake Ochola alinivunja ubavu mimba ikiwa ya miezi sita. Mama mkwe wangu alinificha nyuma ya magunia usiku kucha, na asubuhi akanishika mkono akanirudisha, akamwonya mwanawe mbele yangu. Tulikaa miaka thelathini baada ya hapo. Vikombe vikiwa pamoja kabatini havikosi kugongana, mwanangu.

Polisi usiende. Hao watamfunga, kisha watamrudisha huku na aibu, na wewe utabaki na nini? Niachie mimi. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Niambie uko wapi hasa, mtaa na nyumba. Ukipatwa na neno nitamwambia nini mama yako Kagendo? Silali.

Hiyo sanamu usiizoee. Ila mwambie huyo bibi namshukuru.

Mama yako

---

Hässelby, 8 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Nashukuru kwa barua. Vidole vimefungwa, jino nimeliaga. Huku baridi inauma mpaka kwenye mizizi ya nywele.

Kuhusu vikombe, sikubishii, ila katika kabati letu kikombe kinachopasuka ni kilekile kila mara.

Nakuambia kwa kuwa ni wewe. Niko Hässelby, kituo cha mwisho cha treni. Ukishuka unaona jengo la manjano ng'ambo ya kituo cha basi. Ni ghorofa ya chini, dirisha la pembeni. Huwezi kulikosa, kwani saa tisa kasorobo alasiri, watu wakiwa bado kazini, giza linaingia na zile taa mbili nyekundu zinajiwasha. Mtu angedhani tumefungua baa. Nilipomwambia Bi Malee hivyo alicheka mpaka akakohoa, akasema basi tuwatoze walevi kiingilio.

Ananiosha vidole kwa maji ya chumvi kila asubuhi. Mimi ndiye ninayelipwa kumtunza, na yeye ndiye anayenitunza. Tangu nije nchi hii sijalala usingizi kama ninaolala kwenye kochi lake.

Tafadhali usimwambie mtu, hata shangazi.

Binti yako,
Jerioth

---

Ahero, 19 Desemba 2024

Binti yangu,

Hamjambo huko? Mbona kimya? Ochola naye hapokei simu siku ya nne sasa.

Usikasirike. Nilizungumza naye. Alilia kama mtoto, Jerioth, akaniapia kwa kaburi la baba yake. Nikamwambia aende na mchungaji, apige magoti mbele yako, aombe msamaha, akurudishe nyumbani kwa heshima kabla ya Krismasi. Akaahidi. Nikamwelekeza.

Wamefika? Mmeongea? Nijibu hata kwa neno moja.

Mama yako

---

11 Januari 2025

Mama,

Nimepata barua yako. Wiki nyingi sikuweza kushika chochote.

Mchungaji hakuja. Alikuja Ochola na nyundo.

Taa zilikuwa zimewaka punde tu na sisi tumekaa mbele yake kama kawaida. Alivunja dirisha akaingilia hapohapo, akakanyaga maua ya sadaka. Alikuwa anatabasamu. Akasema, "Mama amenielekeza vizuri. Taa mbili nyekundu." Pigo la kwanza lilinikosa likapasua rafu, madhabahu yote ikaporomoka. La pili lilikuwa la kichwa changu. Bi Malee alisimama kati yetu. Mwanamke asiyefika kilo arobaini, anayetetemeka hata akishika kijiko, alinyoosha mikono yote miwili kana kwamba anazuia mlango. Nyundo ilimpata juu ya sikio. Hakupiga kelele. Alianguka tu kando ya Buddha wake.

Nikaokota bakuli la shaba analoligonga akisali. Nilimpiga mwanao kwenye taya mpaka nikasikia mfupa ukiachana. Alipoanguka nilimpiga tena kwenye ule mkono uliobana vidole vyangu, nikaupiga mpaka ukawa hauna umbo. Majirani ndio walionishika. Sijutii, na sitajifanya ninajuta ili upate kulala.

Mshumaa wa kweli ungezimika, au ungeunguza kitu. Zile taa ziliendelea kuchezacheza sakafuni, ndani ya damu ya Bi Malee, mpaka polisi wakafika.

Ochola yuko mahabusu, taya limefungwa kwa waya. Bi Malee yuko hospitali, hajafumbua macho. Mimi nimehamishwa, na nitatoa ushahidi kesi itakapoanza.

Jerioth

---

Ahero, 20 Januari 2025

Jerioth,

Natumai barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Mimi sina. Goti limevimba, natembea kwa fimbo.

Namlilia huyo bibi, Mungu anajua. Nilimtuma na mchungaji, sikumtuma na nyundo. Lakini nisikilize. Ochola ndiye mtoto wangu wa pekee aliyebaki. Wakimfunga miaka kumi nitazikwa na wageni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, nawe bado hujazaa.

Wewe ndiye uliyekuwepo. Watakachoamini ni neno lako. Sema alikuja kuongea. Sema nyundo aliishika kwa hasira, na bibi aliteleza kwenye yale maua akajigonga. Ni mzee, hana siku nyingi, haitampunguzia kitu. Ochola atarudi huku, hutamwona tena, naapa.

Nilikuita binti. Nifanyie hili moja.

Mama Ochola

---

16 Machi 2025

Mama Ochola,

Natumai u mzima. Mimi ni mzima.

Bi Malee alifariki Februari bila kufumbua macho. Niliposimama mahakamani, Ochola alikuwa amekaa mbele yangu akiangalia meza. Niliulizwa kama bibi aliteleza. Nilisema hapana. Nilisema pigo lile lilikuwa la kichwa changu na Bi Malee akalipokea. Walipouliza mshtakiwa alijuaje nilipo, nikawaambia hilo pia.

Mama mkwe wako alikuficha usiku mmoja kabla ya kukurudisha. Wewe hata usiku huo hukunipa. Ulikuwa mwalimu, methali ulizijua kabla yangu: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Lia, basi. Nami nalia, lakini simlilii mwanao.

Felicia aliniletea zile taa baada ya maziko. Moja ina ufa na kwenye ufa pana doa lisilotoka. Nilidhani nitazitupa. Nimeziweka kwenye rafu, na giza likiingia zinajiwasha, nami naacha ninachofanya nikakae mbele yake, kwa sababu sasa hakuna mwingine wa kukaa. Siku hizi zinachelewa, mchana unarefuka.

Mama yangu Kagendo amejua yote. Aliniuliza ninaishi wapi nikamwambia.

Wewe usiulize. Taa zinawaka kila jioni. Dirisha linaelekea wapi, sitakuambia.

Jerioth, binti wa Kagendo