Kiwanda cha Mapera Hakinukii Tena

Wamemfukuza Evaristo wangu ukurugenzi, na kiwanda kizima kimegoma kwa ajili yake!

Dada Ofelia, hujambo huko Madrid? Sisi wazima, ila mji wetu wa Vélez hausikii tena harufu ya mapera yakichemka kuwa halua. Nani mwingine hapa amezaa mkurugenzi anayependwa hivi? Mfanyakazi akifiwa, Evaristo alikuwa akizima moto wa masufuria ili wote waende kwenye sala za siku tisa, na yeye mwenyewe ndiye aliyegawa kahawa. Wenye hisa wakachoka.

Jana Nubia, mpishi wa mapera, alipiga kelele mlangoni: "Mama Evaristo, mtoe huyo bosi wetu! Misiba yetu yote alikuja, leo tumekuja kwenye wake!"

"Mwanangu hajafa, we mwanamke!" Tukacheka.

Sikuweza kumwambia, dada. Evaristo ameshasaini karatasi ya kukubali kuondoka. Amelala amegeukia ukuta, hata supu yangu hataki. Nao wafanyakazi wameambiwa wasiporudi kazini mara moja watafukuzwa. Nimebaki kuloweka mahindi ya mikate ya arepa tu, maana Jumapili wanakuja wote na tarumbeta kumrudisha kiwandani.

Ndugu yako Domitila, anayeiogopa Jumapili.