Adapta ya Mzee na Chumba cha Jorodom

Dar es Salaam,
Jumatano mchana

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuamkia tena kwa sababu ile ya Jumapili mtandao ulikatika kabla hujaitikia, na simu iliporudi tukaingia kwenye mengine. Kifua kinaendeleaje? Na wale ng'ombe wawili waliobaki, wanapata majani? Huko Jorodom najua asubuhi kuna ile baridi inayoshuka na mlima. Vaa lile koti nililokuletea, usiliweke sandukuni kusubiri wageni.

Mimi sijambo, ila mwandiko usikushtue. Mkono wa kulia una bandeji, kalamu naishika kwa vidole viwili. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ukishaongea mimi nasema "sawa Baba" kabla sijafikiri. Ndiyo maana naandika. Nitampa barua konda wa basi la Katesh, na nakuomba uisome mpaka mwisho.

Nianze na mkono. Unajua kazi yangu huku ni kwenye yadi ya kuchajia magari ya umeme. Chaja zetu ni za kampuni moja, na midomo yake inaingia kwenye magari ya kampuni hiyo tu. Likija gari la aina nyingine tunaweka adapta katikati, ndipo vinashikana. Tunayo ya ofisini iliyopimwa. Adapta ya mteja hairuhusiwi, maana umeme wa chaja hizi ni mkubwa, si kama wa simu.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja, ana mvi kama zako. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Akatoa adapta yake kwenye mfuko wa nailoni.

"Mzee wangu, samahani," nikamwambia, "tunatumia ya ofisini."

"Ya ofisini ina foleni. Hii ni mpya, nimeinunua juzi."

"Hairuhusiwi, mzee."

"Binti, mimi ni sawa na baba yako. Baba yako akikwambia kitu unambishia?"

Nikampisha, Baba. Akaichomeka mwenyewe. Ikalia ka! ikaingia vizuri kabisa, na kioo kikaanza kuonyesha chaji inapanda. "Umeona? Imeingia, imekubali," akasema, akaenda kukaa kivulini na soda yake.

Haukupita muda nikasikia harufu kama ya ndoo ya plastiki iliyosogezwa karibu na mafiga. Nikaigusa, ina moto. Nikamfuata mzee. Alikuwa anaongea na simu. Nikasimama mbele yake, mikono nyuma, macho chini, kama mlivyotufundisha, nikamsubiri amalize. Nilimsubiri! Alipomaliza akasema joto ni kawaida, hata simu hupata joto.

Niliporudi moshi ulikuwa umeanza. Na hapo ndipo nikaona kwenye kiti cha nyuma kuna mtoto wa kike amelala. Mjukuu wake. Viatu amevivua, vimepangwa chini.

Nilibonyeza kitufe chekundu cha kuzima, kisha nikaikamata adapta nikaivuta isije ikawasha gari. Plastiki ikaniganda kiganjani. Mwenzangu Zuhura akafungua mlango akamtoa mtoto. Hakuumia popote. Aliuliza tu viatu vyake viko wapi.

Zuhura alinifunga mkono huku ananisema. "Wewe Mmbulu, kwenu neno hapana hamna?"

"Kwetu mkubwa habishiwi."

"Basi na moto nao ungeuamkia, labda ungeitikia marahaba!"

Nilicheka huku nalia. Bosi amenitoa kwenye chaja, sasa nafagia yadi kwa mkono wa kushoto mpaka atakapoamua. Aliniuliza kama sheria niliijua. Niliijua.

Sasa jambo lenyewe. Jumapili ulisema umeezeka upya kile chumba kilichobaki, mlango unafunga, na kabla ya mvua utakwenda Maretadu kwa mama mdogo kumchukua mwanangu Neema mje mkae wote. Nikasema sawa. Jana Neema amenipigia kwa simu ya mama mdogo, anaruka kwa furaha: "Mama, babu amesema nitalala chumba cha bibi!"

Baba, ile sawa naiondoa.

Chumba kimesimama, ndiyo. Kilisimama hata asubuhi ile matope yaliposhuka kutoka mlimani, na Mama alikuwa jikoni, hatua kumi tu kutoka hapo. Najua umerudi hapo kwa sababu ya kaburi lake, na najua kukaa Maretadu kwa shemeji yako unaona aibu. Sikulaumu. Ningekuwa karibu ningekaa na wewe hapo kaburini mchana kutwa, ningepalilia yale maua. Lakini ukuta kusimama na mlango kufunga havinitoshi tena. Mlima una nini ndani mimi sijui, na wewe hujui.

Nimeshaongea na mama mdogo. Ukifika atakupikia, atakutandikia, Neema atakupeleka kwenye maharage akuonyeshe mstari aliopanda mwenyewe. Kaa hata miezi. Ila hutaondoka naye. Nimemwambia asimtoe hata ukikasirika. Na wewe nakuomba ubaki huko Maretadu mpaka mvua ziishe, zizi lina nafasi ya ng'ombe wako. La kwako ni ombi. La Neema si ombi.

Utasema mjini nimejifunza kiburi. Hapana. Tangu nizaliwe sijawahi kukukatalia kitu, na barua hii nimeichana mara mbili. Lakini kila nikifumba macho namwona yule mtoto anatafuta viatu vyake, na sura anayo ya Neema.

Msalimie kaka mkubwa, mwambie asikusaidie kubeba kitanda cha mtoto kwenda Jorodom. Bibi, mama yako, mpe pole ya miguu, dawa ya kuchua nimemfungia pamoja na barua hii. Mama mdogo mwambie asante haitoshi.

Najua unaweza kukaa siku nyingi bila kupokea simu yangu. Nitapiga kila jioni, nitakuamkia kama kawaida, uitikie usiitikie. Na kila jioni nitauliza Neema amelala wapi.

Mwanao akupendaye,
Veronika