Sauti Iliyotoka Kishimoni

Cremona,
Jumapili, 18 Februari 1855

Mpendwa mdogo wangu Fermo,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Palmira. Hujambo wewe, na mkeo hajambo? Kile kifua kimekuachia, au ukungu umekufuata hadi Montevideo? Huku miili ni mizima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa goti la Palmira ambalo kila mvua linampa habari zake. Mimi siumwi popote. Ila kutulia nimeshindwa. Barua hii nimeichana mara mbili, na tangu niandike tarehe nimeshakwenda dirishani mara nne, kutazama nini sijui.

Nisikuweke roho juu: Gervasio mwanao yu hai, na hayumo gerezani. Alikuwemo mwezi mzima. Sikukuandikia kwa sababu ningekwambia nini? Ulimwacha kwangu ana miaka tisa, na mimi nikwambie eti yumo ndani? Nilitaka nikuandikie akiwa ametoka. Ametoka, lakini nyumbani kwangu hayupo tena, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Chanzo ni opera. Unaijua kazi yangu: naingia kwenye kile kishimo mbele ya jukwaa, kichwa kimefunikwa na ubao, namnong'oneza mwimbaji kila mstari kabla hajauimba. Miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu kwenye viti aliyewahi kusikia sauti yangu. Mkumbushaji akisikika, kazi imemshinda.

Mwaka huu tulileta opera ile iliyovuma Torino. Kijana Galvano, mchunga mbuzi, anawaongoza wanakijiji kumwasi baroni aliyewatawala kutoka nchi ya mbali. Ermellina, binti wa baroni, anampenda huyo Galvano kufa. Galvano anakamatwa. Baroni anamwambia binti yake: huyo mpenzi wako apige magoti mbele ya watu, aombe radhi, nitamwachia, na utaolewa naye. Binti anakwenda gerezani kumlilia. Galvano anamkumbatia, anamwambia anampenda, lakini magoti hapigi. Anauawa amesimama, na Ermellina anaanguka juu yake. Palmira alipohadithiwa tu alitafuta kitambaa.

Sasa wakubwa wetu, hawa wageni wanaotutawala, unawajua. Mkaguzi wao wa maonyesho, Bwana Strobl, alikisoma kitabu cha maneno ya opera na kalamu nyekundu mkononi. "Wapendane tu, sina ugomvi na mapenzi," akasema. "Lakini hapa Cremona mwasi hafi amesimama." Basi ikaamriwa Galvano apige magoti, aimbe "Nisamehe, bwana," na mwisho iwe harusi. Tena hadithi ihamishiwe Uskoti ili pasiwe na mtu wa kujiona humo. Ungemwona Cirillo mwoka mikate, anayeimba sauti nzito kwenye kwaya, amevalishwa sketi na yale magoti yake yenye nywele! Tulicheka mpaka tukasahau kilichotuchekesha.

Mimi nikapewa kubandika karatasi juu ya maneno ya zamani kwenye kitabu changu. Gervasio alikaa nami mezani akinisaidia kunakili, maana mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Akanitania, "Baba mkubwa, unambandika plasta mtu asiye na kidonda." Nikamwambia afunge mdomo achovye kalamu. Kumbe usiku alikuwa anayanakili yale ya zamani pia.

Walimkamata mwezi wa kwanza, tarehe saba, kwenye ngazi za roshani ya juu, kule wanakokaa watu wa viti rahisi. Chini ya shati alikuwa na nakala kumi na tisa za ule mwisho wa zamani. Nyingine nyingi alikuwa ameshazigawa.

Nikaitwa kwa Strobl.

"Mwanao huyu?"

"Wa mdogo wangu, Bwana Mkaguzi."

"Ana mwandiko mzuri. Aliupata wapi?"

"Kwangu, bwana." Ningesema nini?

Hakunipandishia sauti. Heri angenipandishia. Akaniambia yamebaki maonyesho matano. Yakiisha bila neno la zamani kusikika jukwaani, kijana atarudi nyumbani. Likisikika moja tu, atapelekwa ngome ya Mantova. Fermo, tangu uondoke, waliopelekwa Mantova wengine wamerudi majina tu.

Na mwimbaji wetu wa Galvano ni nani? Trecconi! Lile tumbo unalolijua, sauti ya malaika, kichwa chujio. Aliimba opera hiyohiyo Torino mara thelathini, kwa maneno ya zamani. Ukimwacha kidogo tu bila kumnong'oneza, ulimi unakwenda wenyewe kwenye ya Torino. Haki ya Mungu, kila alipovuta pumzi mimi nilikuwa namwona Gervasio kwenye gari la farasi na pingu. Jioni nne nilitoka mle kishimoni shati limeloa mgongo mzima. Trecconi mwenyewe akaniuliza kama nimepata malaria.

Jioni ya tano, tarehe nne mwezi huu, ndiyo ya mwisho. Tukafika gerezani, namaanisha lile la jukwaani. Pale ala zote zinanyamaza ili Galvano aimbe peke yake. Trecconi akafungua mikono. Kabla sijamnong'oneza, sauti zikaanza juu roshanini. Kwanza mtu mmoja, halafu kumi, halafu sijui wangapi, wanaimba maneno ya zamani ambayo Gervasio aliwaandikia. Walikuwa wanamkumbusha Trecconi badala yangu! Askari wakaanza kukimbilia ngazi, nao hawakunyamaza.

Nikuambie ukweli, mdogo wangu? Nilisisimka mwili mzima. Ilikuwa nzuri mno.

Trecconi akatazama juu, macho yamemjaa machozi, akalibetua tumbo mbele. Nikajua anakwenda kuimba pamoja nao. Nikamnong'oneza. Hasikii. Nikanong'oneza tena. Hasikii! Basi nikapiga kelele, Fermo. Kwa nguvu zangu zote: "Nisamehe, bwana! Piga magoti! Nisamehe, bwana!"

Roshani ikanyamaza. Ukumbi mzima ulinisikia, hadi wauza mbegu za maboga kule mlangoni. Trecconi akashtuka kama aliyeamshwa, akapiga magoti, akaimba maneno ya Strobl. Huko juu mtu akauliza, "Nani huyo mwoga aliyemo shimoni?" Wakacheka. Maganda ya mbegu yakanishukia mpaka pazia likafungwa.

Strobl alitimiza ahadi, siwezi kumnyima hilo. Alhamisi iliyofuata Gervasio akarudi, amekonda, nywele wamezinyoa. Palmira akalia, akamwekea supu ya marubini, zile tambi zake za kujazwa nyama, akamkalia hapohapo kama polisi. Lakini mtaani walikuwa wameshamwambia.

"Baba mkubwa, ni kweli wanayosema?"

"Wanasema nini?"

"Kwamba Galvano alipiga magoti kwa kelele zako."

"Angesimama, wewe sasa hivi ungekuwa Mantova."

"Mimi sikukuomba."

"Hata ulipougua homa ya tumbo hukuniomba!" Nikapandisha sauti, najuta. "Nilikaa macho siku tisa, uliniomba?"

Palmira akagonga meza. "Gervasio, kula kwanza. Baba yako mkubwa utamtukana ukishashiba."

Akala, kwa heshima ya Palmira. Asubuhi nikamkuta amefunga kifurushi, anakwenda kuvuka mto Ticino aingie Piemonte, wasikofika wakubwa hawa, na huko atafute meli. Nadhani anakuja kwako. Mlangoni akageuka. Hakuwa na hasira, Fermo, na hilo ndilo lililoniua. Akaniambia, "Watu wote wale waliimba wakijua askari wako kwenye ngazi. Saba walikamatwa usiku ule na bado wamo ndani. Aliyewanyamazisha ni mmoja. Kwa nini ilikuwa lazima awe wewe?"

Nilisimama pale na mkono kwenye kitasa kama bwege, akashuka ngazi.

Hao saba nawafahamu wote. Mmoja ni mtoto wa Cirillo. Siku hizi Cirillo ananiuzia mkate bila kunitazama, na mimi sithubutu kununua kwingine, nitaonekana namkimbia. Msimamizi wa ukumbi naye ameniambia kwa adabu kwamba msimu ujao watamjaribu mtu mwingine. Nilimshukuru. Nilikuwa naogopa kurudi.

Jibu nimelipata leo kanisani, wakati wa mahubiri, yeye ameshakwenda zake. Wale wa roshanini hakuna aliyewekewa mkono wa mtoto ndani ya mkono wake pale bandarini Genova, baba mtu akaambiwa panda haraka, meli inaondoka. Ndilo jibu langu lote. Sijui kama linatosha kwa watu saba. Kwa Cirillo halitoshi, najua.

Mpe salamu mkeo Ramona na watoto nisiowajua. Dada yetu Ginevra wa Soresina anakusalimu, na mzee Tranquillo bado yu hai na bado anakudai ule mchezo wa karata. Palmira anasema uvae flana. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na bahari iwe shwari kwa huyo aliyemo njiani.

Akifika na akakataa kusikia jina langu, usimlazimishe, wala usinitetee. Lakini wewe, uliyemzaa, niandikie ukweli bila kunionea haya: ungekuwa wewe mle kishimoni, ungenyamaza? Ukisema ungenyamaza, nitakwenda kwa Cirillo nikapige magoti. Ukisema ungepiga kelele, nitakwenda vilevile.

Kaka yako akupendaye, leo na siku zote,

Anselmo