Naam ya Kuitika

Skuli ya Misheni,
Njia ya Chukwani,
Unguja.
10 Oktoba, 1908

Mpendwa Shangazi Wanu,

Shikamoo, Shangazi, na shikamoo nyingine uipokee kwa ajili ya miezi yote ambayo sikukuandikia. U hali gani na mguu wako? Bwana Usi hajambo? Na watoto wameizoea Mombasa, au bado wanalilia shelisheli za nyumbani? Sisi huku hatujambo. Vuli imeanza mapema, ukuta wa jikoni umeota ukungu, na homa imepita bwenini lakini mimi haikunigusa. Ni mzima, ila nimechoka.

Si uchovu wa jembe. Mwezi wa Agosti alifika mmisionari mpya kutoka Ulaya, jina lake Bwana Edga. Ni kijana mrefu, mwembamba, na uso wake huiva kwa jua kama pilipili. Atapelekwa bara, karibu na mto Ruvuma, kufundisha dini. Lakini Padre Mkuu, yule mzee anayeisimamia skuli yetu, hampeleki mtu bara mpaka kwanza ajue kukaa na watu. Kwa hiyo asubuhi Bwana Edga husoma Kiswahili kitabuni, na alasiri hukabidhiwa mimi nimtembeze vijijini.

Nilichaguliwa kwa sababu nasoma Kiingereza vizuri kuliko wenzangu. Hakuna aliyeuliza kama najua kuzungumza na watu. Wewe wanijua, Shangazi: hata kuomba nipitishiwe chumvi naona haya. Sasa kila siku nasimama katikati ya mgeni na wenyeji. Akitoa neno kavu, mimi nalitia maji kabla halijawafikia. Wakimcheka, nageuza kicheko kiwe kikohozi. Jioni nikifungua kitabu changu macho yanapita juu ya mistari kama miguu ya kuku, hayashiki kitu.

Namfundisha kuvua viatu, kupiga hodi na kungoja, kula kwa mkono wa kulia, kutomuuliza mtu ana watoto wangapi. Hayo huyashika upesi. Linalomshinda ni kwamba kila neno analolisikia hulichukua lote, kama lilivyo. Siku moja tuliwapita wachukuzi wakila mihogo chini ya ukuta. Wakasema, "Karibu, Bwana!" kama kila mtu anavyosema. Akashukuru, akaketi, akala, na alikula vizuri hasa. Wale watu wakabaki kulamba vidole. Mwenzangu Pandu aliyasikia hayo kabla sisi hatujafika nyumbani.

"Mwalimu Mcha!" akaniita mbele ya bweni zima. "Mwanafunzi wako kamaliza mihogo ya watu. Kesho mfungie mdomo kwa kitambaa!"

Mimi nilicheka pamoja nao, kwa sababu sikujua la kufanya.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Juzi Padre Mkuu aliniita chumbani kwake, Bwana Edga naye yumo. Akasema, "Mcha." Nikasema, "Naam." Akaeleza kwamba Bwana Edga karibu atasafiri, anahitaji kijana wa kukaa naye huko miaka miwili au mitatu, awe mdomo wake na masikio yake. Kisha akanitazama, akasema, "Mcha?" Nikaitika, "Naam," kama unavyoitika ukiitwa, nikingoja sasa aulize swali lake. Hakuuliza. Akaniwekea mkono kichwani, akanishukuru, na jana baada ya sala akawatangazia watu wote kwamba nimekubali kwa moyo.

Shangazi, sikukubali. Niliitika tu. Nataka kumaliza skuli. Imebaki kidogo niingie darasa la walimu, na nikiondoka sasa nafasi yangu atapewa mwingine, na huko Ruvuma hakuna kitabu ila kile mtu alichobeba. Lakini nitamwambiaje? Padre Mkuu ndiye aliyenilea tangu baba alipokufa. Nikimfuata kumwambia si kweli, itakuwa kama namwita mwongo mbele ya wazungu wenzake. Mara tatu nimefika mlangoni kwake, nikasikia hatua zake, nikarudi.

Kwa hiyo nakuomba wewe, dada wa baba, umwandikie kwamba huniruhusu. Sema u mgonjwa wa mguu na hupendi niwe mbali. Wewe una haki hiyo, naye atakusikiliza. Ni aibu kumtuma mzazi aseme lililopaswa kusemwa na kinywa changu, najua. Lakini meli ya kwenda Ruvuma itaondoka kabla ya mwisho wa mwezi.

28 Oktoba

Shangazi, barua hii ilikosa meli ya kwanza, nami nimeona nisiichane. Yale ya juu nimeyaacha, karatasi ni adimu, nawe ni bora ujue yote. Lakini sasa usimwandikie Padre Mkuu. Nitakueleza.

Jumatatu baada ya kuandika hayo tulikwenda kwa Mzee Jecha, mwashi, jirani yetu kwa upande wa pwani. Tukakuta wanaume wameketi jamvini nje ya nyumba. Mimi nilipowaona kimya vile nilijua kuna neno, nikamvuta Bwana Edga mkono wa kanzu, lakini alikuwa amekwisha fungua kinywa.

"Hamjambo?"

"Hatujambo."

"Habari za nyumbani, Mzee?"

"Njema."

"Mungu asifiwe!" akasema Bwana Edga kwa sauti kubwa, anacheka kwa furaha, maana alikuwa ametamka vyema.

"Njema," akaendelea Mzee Jecha, "ila mdogo wangu wa Nungwi katutoka. Kazikwa jana."

Ungemwona Bwana Edga, uso ulimbadilika. Badala ya kusema pole akauliza, "Lakini mbona umesema njema? Hiyo si kweli."

Nilitamani ardhi inifiche. Mtu mmoja jamvini akasema, "Huyu kaja kutuhani au kaja kutuhukumu?" Mwingine akasonya. Mzee Jecha peke yake hakukasirika, ila alionekana amechoka kuliko mimi.

"Ulitaka nianze na mbaya, mwanangu?" akasema. "Umesimama bado mlangoni, nkuangushie maiti miguuni? Kwanza nkupokee, kisha ndo nkwambie."

Neno hilo sikulitia maji. Nililifasiri kama lilivyo. Bwana Edga akasikiliza, akainamisha kichwa, akasema pole kwa kila mtu, mmoja mmoja, tukaondoka.

Tulishika njia mpaka kwenye minazi. Akaniuliza kama watu wote husema njema hata kama si njema. Nikamwambia ndivyo, na kwamba asishike lile neno la kwanza, maana kwetu habari huanza baada ya "ila". Akasimama katikati ya njia, akalirudia neno "ila" kama mtoto anayejaribu jino jipya kwa ulimi. Akasema kitabu chake kinaeleza maana yake lakini hakisemi ulingojee.

Siku ya tatu ya matanga alitaka kurudi. Nikamwambia asiseme kitu, akae tu. Alikaa jamvini alasiri yote, magoti juu, mrefu kama ngazi, wala hakutikisika. Baadaye mtu yule aliyesonya akamtazama vizuri, akamwuliza, "Hujambo, Bwana?"

"Sijambo," akajibu. "Ila nina homa."

Jamvi zima likacheka, na Mzee Jecha mwenyewe akafuta macho. "Haya," akasema, "kashakuwa mtu! Mleteni maji, anaungua huyu."

Kweli alikuwa anaungua. Wakampa punda, nami nikatembea kando nikimshika asianguke. Nilidhani amesinzia. Ghafula akasema, "Mcha, naam yako ile, mbele ya Padre Mkuu. Haikuwa na ila nyuma yake?"

Shangazi, watu wote wa skuli walinipongeza kwa ile naam, na hakuna aliyeniuliza hilo. Alikuja kuniuliza mgeni, tena mgonjwa, juu ya punda. Nikasema, "Ilikuwa nayo, Bwana." Kisha yakatoka yote: skuli, darasa la walimu, uchovu, hofu yangu. Nilisema maneno mengi kuliko niliyoyasema mwaka mzima, nayo hayakuwa na mpangilio wowote. Hakunikatiza. Tulipofika langoni akasema tu, "Pole," na safari hii alilisema pale linapostahili.

Yeye alitaka kunisemea kwa Padre Mkuu. Nikakataa. Nilikwenda mwenyewe asubuhi yake, nikashika kiti bila kukaribishwa.

Padre Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe uliitika tu," akasema. "Nimezeeka katika kisiwa hiki, Mcha, na nilitaka mno uniambie ndiyo." Hakunigombeza. Ingekuwa rahisi zaidi kama angenigombeza. Tangu siku hiyo hunisalimu vizuri, lakini haniwekei mkono kichwani.

Pandu ndiye aliyekwenda. Aliomba mwenyewe, ana ndugu za mama huko, na mdomo wake hauna haya. Nilimwomba asimcheke Bwana Edga mbele ya watu. Akaniambia, "Ntamcheka nyumbani tu, mwalimu." Nadhani atakuwa mwema kwake. Nilipomuaga Bwana Edga alikuwa bado amekonda kwa homa, na nikaona haya kubaki mzima nchi kavu. Haya hiyo bado ninayo.

Nafasi yangu katika darasa la walimu imethibitishwa, lakini nimepewa na masharti yake: asubuhi nafundisha watoto wadogo, na alasiri wamisionari wapya wawili wanaofika mwezi ujao watakuwa wangu. Nitasoma usiku. Jana nililala kwenye meza, nikaamka na wino shavuni. Nimechoka vilevile, Shangazi. Lakini kitabu nilicholalia ni kile nilichokitaka.

Nisalimie Bwana Usi, na Sichana, na Tamima mdogo, mwambie kaka yake anamkumbuka. Mguu wako uusugue mafuta ya nazi ya moto, usiupuuze. Mungu akufunike kwa mbawa zake, akupe usingizi mtamu, nami anipe kidogo.

Ni mimi, mwana wa kaka yako, akupendaye pasipo ila,

Mcha