Kitabu Nilichokisoma kwa Uongo

Kambi ya mgodi, Geita

Dada yangu Nkwimba,

Shikamoo. Barua hii unapewa na mwanamke anayeitwa Leokadia. Kabla hujaendelea mpe kiti na maji ya kunywa, maana atakuwa ametoka kwenye lori na vumbi la njia ya Kahama limemjaa. Kisha soma polepole mpaka mwisho. Yeye hajui kusoma, na yaliyomo nimemweleza nusu tu. Mimi sijambo, homa imeniacha. Sijui hapo Didia mvua imewatazama au imewapita, na mguu wa mama umepona au bado anaufunga kitambaa. Michembe ya viazi uliyonitumia niliipata, nimeila mpaka unga wake. Na usianze kunitania: huyu si mke niliyemwoa kwa siri. Majirani watasema, waache waseme.

Habari yenyewe ilianza na kitabu. Unajua karani wa stoo hana rafiki. Wachimbaji wananiona mtu wa Mzungu, kwa sababu ndimi ninayewakatalia mabuti mapya, na Mzungu mwenyewe hata jina langu hajalishika. Nilikuwa nakula peke yangu, jioni nazungumza na sufuria. Basi dereva mmoja wa lori akaniachia kitabu cha hadithi kisicho na jalada. Nikaanza kukisoma kwa sauti Jumapili mchana, nyuma ya stoo, nisikie japo sauti ya mtu. Jumapili ya pili walikuja watu wanne. Ya tano hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu wakaanza kuniita tule pamoja. Dada, nilinenepa.

Ni hadithi ya mwanamke wa mjini anayepigwa na mumewe. Mwandishi anajua kuandika, sikatai, lakini kitabu kile kilinichosha roho. Kila kofi amelipatia mstari wake, kila jeraha amelitajia rangi yake, wala hakuna hata jirani mmoja wa kugonga mlango. Kwetu mtu akipiga yowe hata mgomvi wake hutoka na fimbo. Huyu analia kurasa mia, mji mzima umelala? Tena hatuambiwi mama huyu alipenda kula nini, wala alicheka kwa lipi. Tunajua mahali alipopigwa tu. Nikavumilia nikidhani tunapelekwa mahali. Mwishoni anakimbilia kwa baba yake, baba anamrudisha kwa mume, naye anajitupa kisimani. Kitabu kimekwisha. Nilikifunga nikaona nimeibiwa.

Mwisho huo nilitangulia kuusoma Jumamosi, peke yangu. Kesho yake nilipowaona wanawake wamekaa na watoto mapajani wakingoja, ulimi ulikataa. Nikasoma maneno ambayo hayapo. Nikasema baba alimpokea, akachinja mbuzi, akamwambia yule mume aje achukue ng'ombe wake aende zake. Vigelegele vikapigwa. Nyapara mmoja mzee akanipa mkono. Nikajiona nimemshinda mwandishi.

Leokadia alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Mumewe ni mchimbaji wa chini, mpole mbele za watu, nyumbani kwake ni mtu mwingine. Jumatano yake aliondoka kwenda kwa baba yake, Uzinza. Wiki haikuisha, baba akamtuma kaka yake amrudishe, kwa kuwa ng'ombe wa mahari yake ndio kaka huyo alioolea. Mumewe alimpokea kwa namna anayoijua. Utauona mkono wake wa kushoto.

Alikuja kwenye dirisha la stoo, akasema, "Bwana karani, hebu nisomee tena pale baba alipompokea."

Nilishindwa kuongopa mara ya pili. Nikamsomea kama kilivyoandikwa, mpaka kisimani. Akasema, "Huyu aliyeandika anamjua baba yangu. Wewe humjui." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumapili iliyofuata niliwaambia wote ukweli. Wanaume wakasema nawafundisha wake zao kutoroka, wanawake wakasema nimewacheza shere, na sasa nyuma ya stoo haji mtu. Nimerudi kwa sufuria yangu. Zamani nilikuwa mpweke na sikujua ninachokosa. Sasa najua, na Jumapili ni ndefu mno.

Nilimwuliza Leokadia kama atakubali kwenda kwa dada yangu, mjane mwenye nyumba yake na shamba lake. Aliuliza neno moja tu: "Atanirudisha?" Nikamjibu kwamba sijui, nitakuandikia wewe. Safari hii sikutaka kusema nisilolijua. Amesafiri na dereva yule yule na mkewe, watu wazima wa heshima. Anajua kulima na kusuka mikeka. Anapenda karanga za kuchemsha, na akicheka hufunika mdomo. Usimshike bega kwa ghafla.

Nisalimie mama, umwambie nala vizuri. Nisalimie binti yako anayesoma misheni, na mjomba mfuga nyuki, na jirani yetu fundi wa majembe ambaye bado ana shoka langu.

Kuna jambo limebaki, dada, nalo nimelizunguka barua nzima. Baba aliponituma nikurudishe kwa marehemu shemeji, sikuwa mtoto. Ndevu zilikuwa zimeota. Nilitangulia mbele njia nzima nisikuone usoni. Tulipofika, mumeo alileta ugali na kuku. Wewe ukaingia ndani, mimi nikakaa nikala mpaka nikashiba, nikaaga, nikarudi nyumbani nikamwambia baba kazi imekwisha. Hatujawahi kulisema. Nilipoufikia ukurasa ule wa baba na binti yake nilimchukia mwandishi, wala si kwa kuwa ameongopa. Nisamehe, ukiweza. Usipoweza, nitaelewa.

Leokadia amekaa hapo mbele yako, anakutazama usoni unavyosoma. Mjibu yeye kwanza. Mimi naweza kungoja.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Masanja