Barua Sita Nilizochelewesha

Alhamisi, 2 Machi 1978

Baada ya vipindi nimepangusa jozi zote kumi na mbili za karata kwa kitambaa kikavu na poda kidogo. Masika zinanata. Jozi ya tawi la Kabanga haina mzungu wa nne wa kopa, yaani mfalme. Gervas, mwanachama wa huko, amechora mwingine kwenye boksi la sigara. Mgongo wake wa kahawia, kila mtu anajua nani amemshika. Itabidi itumike hivyohivyo, madukani karata hazipo.

Mashindano yetu tarehe 12, hapa hapa shuleni Lusahunga. Matawi sita, ya Ngara na ya Biharamulo. Watakaoshinda wataziwakilisha wilaya hizi mbili mbele ya chama cha taifa, Dar es Salaam, mwezi Juni. Mimi na Bakari, fundi cherehani wa Biharamulo, tumekuwa wa pili miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu ni wetu. Sijawahi kuiona Dar es Salaam. Sijawahi hata kupanda treni.

Mvua jioni. Mtaro wa nyuma ya madarasa umefurika tena.

Jumamosi, 4 Machi

Bwana afya amekuja kwa baiskeli. Kipindupindu kimefika kando ya ziwa na kinapanda na barabara. Amemwambia mwenyekiti wa kijiji: mikutano isiwepo, pombe isipikwe, maji yachemshwe. Kisha akanigeukia mimi. Anajua mimi ni katibu wa chama cha karata. Ameniomba niahirishe mashindano leo leo.

Nimeandika barua sita za kuahirisha, moja kwa kila tawi. Mwandiko mzuri, muhuri wa chama. Lori la kwenda Biharamulo limesimama kwa fundi matairi tangu saa tisa. Dereva ni yule anayetubebea barua siku zote. Zilikuwa mfukoni nikazungumza naye habari za barabara, nikamuaga.

Sikumpa. Nimejiambia kesho Bakari anakuja kufanya mazoezi, tucheze kwanza. Nimejiambia ugonjwa uko mbali. Ukweli ni kwamba nataka kwenda Dar es Salaam.

Jumapili, 5 Machi

Bakari ameshuka kwenye lori saa nne asubuhi, kashikilia kofia yake isipeperushwe. Ameacha suruali tatu za watu hazijamalizwa kushonwa. Tumecheza nyumbani kwa Kasimiri, mwekahazina wetu, dhidi ya yeye na mdogo wake. Mikono kumi na minne, tumeshinda kumi na mmoja. Bakari hakumbuki majina ya watoto wa dada yake lakini anakumbuka kila karata iliyoanguka tangu asubuhi. Mara mbili nimeshika turufu ya mwisho na yeye alikuwa anajua.

Tumekula ndizi na maharage, sinia moja. Maji ya mtungini. Sikuuliza kama yamechemshwa. Sikumwambia Bakari habari za bwana afya. Barua zilikuwa kwenye mfuko wa koti muda wote.

Siku nzuri. Naandika hivyo kwa sababu ilikuwa nzuri.

Jumanne, 7 Machi

Kasimiri amefariki. Jana mchana alianza kuharisha na kutapika. Leo saa moja asubuhi hakuwa na sauti tena, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua. Saa tano kafa. Saa ishirini na nne hazikutimia. Mdogo wake amepelekwa kwenye mahema ya wagonjwa nyuma ya zahanati.

Mke wangu Yustina anachemsha kila kitu. Hata maji ya kunawa. Hajaniuliza kwa nini nilikwenda kule Jumapili. Nilikuwa nimemwambia siku ile ile bwana afya alivyosema. Anajua.

Jumatano, 8 Machi

Barua nimezipeleka leo, siku nne baadaye. Dereva kasema Bakari amelazwa tangu jana.

Ijumaa, 10 Machi

Bakari amekufa.

Habari nimeipata kwa dereva wa lori la pamba, amesimama upande wa pili wa kizuizi kipya cha barabarani, mimi upande huu. Askari hawaruhusu mtu kupita bila cheti cha kumeza dawa, na vidonge vimekwisha. Kwa hiyo nimesikiliza habari za kifo cha rafiki yangu kwa kupigiwa kelele kuvuka barabara.

Hawakumwosha. Watu wa afya wamemfunga kwenye plastiki, wamemwagia dawa, wamemzika wao. Masheikh wawili wamesali kwa mbali. Mkewe Mwajuma amezuiwa mlangoni. Bakari, ambaye hakuingia msikitini na hata doa moja la mafuta ya cherehani kwenye kanzu.

Darasani leo nimeandika tarehe ubaoni halafu nikasahau kilichofuata. Watoto wamengoja. Nimewarudisha nyumbani. Kesho shule inafungwa hata hivyo.

Jumanne, 14 Machi

Kikao cha kamati. Nje, uwanjani, tumesimama hatua mbili mbili. Watatu tu: Mzee Sospeter mwenyekiti wetu, Gervas wa Kabanga, na mimi. Gervas alikuja kwa ajili ya msiba wa Kasimiri, kizuizi kikafungwa nyuma yake. Analala ghala la shule.

Mzee Sospeter alikuwa dereva wa serikali miaka mingi na amezoea kuamua. Amesema karata zote zichomwe. Nimekubali. Halafu akasema chama kiwafute wanachama wote waliotoka Burundi na Rwanda, kwa sababu watu kijijini wanasema ugonjwa umeletwa na wakimbizi.

Gervas alikuwa amesimama palepale. Alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili na mama yake mgongoni. Analima Kabanga, analipa michango, watoto wake wanasema Kihangaza cha Ngara zaidi kuliko Kirundi.

"Mzee, mimi nipo hapa," alisema.

"Nimekuona. Si wewe. Nasema kwa jumla."

"Kwa jumla ndiyo mimi."

Mzee akanigeukia. "Katibu, andika."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilisema ugonjwa ulitoka ziwani na bwana afya aliniambia siku sita kabla Bakari hajazikwa… hapana, sikusema hivyo. Ningekuwa nimesema ukweli. Nilisema tu, "Hilo siandiki, mzee."

"Basi nitaandika mwenyewe."

"Muhuri ninao mimi."

Aliondoka bila kuaga. Gervas hakunishukuru, na alifanya sawa. Nimemtetea mtu mmoja kwa maneno sita na kumficha mwingine aliyekufa.

Karata tumezichoma jioni, mimi na Gervas. Zinaungua polepole sana.

Alhamisi, 23 Machi

Barua ya chama cha taifa imefika, imeandikwa kabla ya yote haya. Inatukumbusha kutuma majina ya washindi mapema. Nyingine imefika siku hiyo hiyo: mashindano yamefutwa nchi nzima, kila tawi "lijitunze kwa namna litakavyoona". Nimeisoma mara mbili nikitafuta namna yenyewe.

Gervas ndiye aliyetoa wazo. Niandike mkono mmoja kwenye karatasi: nani ameshika nini, turufu ni ipi, nani anaanza. Nakala sita, kila tawi lijibu lingecheza vipi. Hakuna mtu anayegusa karata ya mwenzake. Dereva apokee kwa koleo, bahasha ipitishwe juu ya moshi wa dawa.

Nimeongeza mstari chini: andikeni pia wagonjwa wangapi, maji mnachota wapi, vidonge vipo au havipo. Bwana afya amesoma. Kisha kaniambia yeye ana baiskeli moja na vijiji thelathini, na hana mtu wa kumwandikia. Anayataka hayo majibu kuliko mimi.

Jumapili, 26 Machi

Pasaka. Kanisa limefungwa. Yustina ameimba jikoni peke yake. Nimemsikia anaishia katikati ya ubeti.

Jumapili, 2 Aprili

Majibu matano. Tawi la Biharamulo mjini limeandika wangeanza na ree ya uru, kosa ambalo Bakari angelicheka wiki nzima. Chini wameandika: wagonjwa kumi na wanane, kisima cha sokoni. Jibu hilo lilifika juzi, na jana kisima kimefungwa. Tawi la Kabanga limejibu kwa usahihi, hawana mgonjwa hata mmoja, wanamuuliza Gervas anarudi lini.

Nyamigogo hawajajibu.

Jumanne, 4 Aprili

Nyamigogo kimya. Tawi lile lina watu wanne: mwalimu mmoja na ndugu watatu wanaolima pamba. Wakati wa Operesheni ya vijiji walihamishwa kutoka mashamba yao ya zamani wakapangwa mstari mmoja, nyumba zinatazamana, kijito kimoja. Nimemwambia bwana afya. Amesema labda dereva hakupita. Nimemwambia hawa hujibu hata ukiwatumia salamu tu. Wanabishana kwa maandishi, kurasa tatu, kuhusu karata moja.

Safari hii sikungoja kesho. Nimemshikia usukani wa baiskeli mpaka akakubali kwenda.

Alhamisi, 6 Aprili

Amerudi. Ndugu wawili wamekufa, mwalimu amekufa na mkewe. Nyumba kumi na moja mgonjwa kila nyumba, na hakuna aliyekuwa ametoka kusema, kwa kuogopa kufungiwa. Mahema yamepelekwa. Maji ya chumvi na sukari yamepelekwa, sukari imekusanywa nyumba kwa nyumba hapa Lusahunga, vijiko vijiko. Mzee Sospeter ametoa yake yote. Amenipita nayo mkononi bila kunisalimu. Nimemwambia shikamoo. Kaitikia marahaba, akitazama mbele.

Bwana afya anasema wangekufa wengi zaidi bila ile karatasi. Alidhani ananifariji.

Jumatano, 19 Aprili

Mkono wa nne umetumwa. Nyamigogo wamejibu, mwandiko wa yule ndugu aliyebaki, Zakaria. Hakucheza mkono. Ameandika tu: "Mimi nipo. Wagonjwa wawili. Maji tunachemsha."

Nimeiweka pamoja na majibu mengine.

Ijumaa, 12 Mei

Gervas amepata cheti, ameondoka na lori la chumvi. Miezi miwili ghalani na hakulalamika. Kabla ya kupanda kaniuliza kwa nini silali. Nikamwambia habari ya barua. Yeye ni mtu wa kwanza kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kasema, "Mwalimu, hilo mimi huwezi kuniachia. Lina mwenyewe."

Jumamosi, 10 Juni

Barabara imefunguliwa. Nimekwenda Biharamulo.

Mwajuma bado hajamaliza eda. Ananiita shemeji siku zote, na leo pia. Ameniwekea kiti barazani, cherehani ya Bakari iko ndani imefunikwa kanga. Suruali tatu zimekunjwa juu yake. Wenyewe hawajaja kuzichukua. Mmoja wao anaogopa kitambaa, kasema Mwajuma, na wawili wamekufa.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yakanitoka.

"Shemeji, Jumamosi ile niliambiwa. Kabla hajaja. Nilikuwa na barua mfukoni."

"Barua gani?"

"Ya kusema asije mtu. Nilikuwa nayo mfukoni na lori lilikuwepo."

"Hukuituma."

"Sikuituma. Na alipokuja sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka tushinde."

Jirani alikuwa anatwanga, tukawa tunausikia ule mchi.

"Aliondoka nyumbani anapiga mluzi," alisema. "Nilimwambia amalize kwanza nguo za watu. Akasema wewe unamngoja." Akatazama mikono yake. "Mimi nilijilaumu kwamba nilimwachia maji ya kisimani. Miezi mitatu najilaumu. Na wewe ulikuwa na hili."

"Ndiyo."

"Ungekuja mapema, shemeji."

"Barabara ilikuwa imefungwa."

"Barua zilikuwa zinapita. Nilisikia mnaandikiana karata."

Nikazitazama zile suruali tatu.

Hakunifukuza. Hakusema amenisamehe na sikumwomba. Aliniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, ingawa si kweli, akaingia ndani. Baada ya muda nikaelewa kwamba hatoki tena. Nimeondoka.

Jumapili, 2 Julai

Mkutano mkuu wa chama, matawi sita, watu kumi na saba. Zamani tulikuwa thelathini na mmoja. Nimesimama nikawaeleza kama nilivyomweleza Mwajuma. Nimeweka muhuri mezani.

Zakaria wa Nyamigogo aliuliza kama naacha ukatibu kwa sababu nimechoka au kwa sababu naona aibu. Nimesema aibu. Akasema basi niendelee, aliyechoka ndiye wa kuachwa aende. Mzee Sospeter alipinga. Kasema mtu aliyeficha habari kama ile hapewi muhuri, na nilikubaliana naye. Kura: kumi kwa saba, nisiendelee. Gervas amekuwa katibu. Mzee Sospeter mwenyewe ndiye aliyemkabidhi muhuri, kwa mikono miwili.

Nimerudi nyumbani mapema. Yustina kaniambia nile. Nimekula.

Jumapili, 12 Novemba

Malori ya jeshi tangu alfajiri, yanakwenda kaskazini. Amin ameingia nchini, redio haisemi kingine. Vijana wa mgambo wameondoka juzi, na Zakaria pamoja nao. Ng'ombe wake amewaacha kwa mjane wa kaka yake.

Mchana Gervas ameshuka hapa akitoka Biharamulo. Ana jozi mpya, amepewa na askari mmoja kwa kubadilishana na ndizi. Mzee Sospeter alikuwa kwangu, amekuja kusikiliza redio yangu, yake imekufa betri. Hatukuwa tumezungumza tangu Julai. Yustina akasema nyinyi ni watatu, mimi najua kucheza.

Miaka kumi na tisa ya ndoa na sikuwa najua kwamba anajua. Alijifunza kwa kututazama.

Tumenawa kwanza, kwa sabuni. Yustina kacheza na Gervas, mimi na mzee. Anacheza taratibu, anashika karata karibu na kifua. Mikono mitano. Wametushinda minne. Mzee hakunilaumu hata pale nilipokosea wazi.

Saa kumi na moja mvua ikaanza, tukahamia ndani. Malori hayakusimama. Gervas akachanga upya, akagawa.