Picha Isiyo na Mudomo

Aline, mujukuu wangu,

Huko Kigali unakula vizuri? Sweta unavaa? Viazi vyetu vya Bugeshi vimeoza na mvua, lakini sisi tuko.

Umeuliza mujomba wako Claver alianza namna gani kuchora watu. Kwanza alikuwa anaandika majina ya maduka tu. Mwaka ule tuliporudi kutoka ukimbizini, mama mumoja wa Rugerero akaja kwake.

"Nichoree binti yangu. Vita ilimuchukua, na picha zake ziliungua zote."

"Alifanana na nani, mama?"

"Na mimi. Ondoa tu haya makunyanzi."

Claver akachora akimutazama yeye. Rangi ilipokauka, mama akatikisa kichwa. "Macho ni yake. Lakini mudomo huu wa huzuni ni wangu. Yeye alikuwa mutu wa kucheka."

Claver akaupaka rangi nyeupe. "Bon, cheka kidogo basi, nione."

Siku tatu alikuja, akajaribu. Kicheko kilikataa. Mwishowe akaibeba picha hivyo hivyo, bila mudomo.

Tangu pale Claver aliacha maduka. Anachora nyuso, na kila mara anaanza na mudomo.

Uje Noeli, mwanangu, akuchore ukicheka. Mi naogopa kungoja.

Nyanya yako